Umri wa Kinywaji: Divai ya Rioja na Pombe ya Ulezi ya Nchi ya Songwe

Wakati ni kiungo cha kila kinywaji kilichochachuka, kama maji na moto vilivyo viungo vya chakula. Mahali pengine wakati huo huhesabiwa kwa siku, na mahali pengine kwa miaka. Lakini hapana kinywaji cha namna hiyo kiwezacho kupatikana pasipo kungoja. Kwa hiyo historia ya vinywaji ni pia historia ya kungoja: nani aliweza kungoja, alingojea nini, na nani alimlipa kwa subira yake. Makala haya yaviweka mbele ya msomaji vinywaji viwili. Cha kwanza ni divai nyekundu ya Rioja katika Hispania, ile ikomazwayo kwa desturi ya kale ndani ya mapipa. Cha pili ni pombe ya ulezi ya nyanda za Songwe, kutoka Mbozi hata Tunduma mpakani. Divai husifiwa kwa uzee wake. Pombe ya ulezi hudharauliwa, na mojawapo ya sababu zitolewazo ni kwamba haizeeki. Yafaa kuuliza kama dharau hiyo ina haki.

Kwanza maneno yenyewe yatoe ushahidi wao. Lugha ya Kiswahili ina majina mawili kwa maji ya zabibu yaliyochachuka. Mvinyo latokana na Kireno, na pwani ililipokea pamoja na meza, leso, bendera, na pipa, baada ya meli za Vasco da Gama kufika mwaka 1498. Divai latokana na Kifaransa, nalo lilikuja nyuma sana, likabebwa hasa na wamisionari na altare zao. Neno zabibu ni la Kiarabu. Lakini pombe ni neno la Kibantu, na jamaa zake ni wengi: kimea, lililotokana na kumea, machicha, togwa, na kitenzi cha kuchacha. Msomaji akiyapanga maneno haya atatambua mara moja kwamba majina ya bidhaa ya zabibu yaliletwa na wageni, bali majina ya kazi ya kuchachua yalikuwako nyumbani. Watu wa nchi hizi hawakuhitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba nafaka hubadilika ikingojewa.

Tuitazame sasa Rioja. Nchi hiyo iko kaskazini ya Hispania, katika bonde la mto Ebro. Wengi hudhani kwamba divai yake ya kuzeeka ni urithi wa zama zisizokumbukwa, lakini sivyo. Kwa karne nyingi divai ya Rioja ilinywewa ingali changa, katika mwaka wake, kabla ya joto la kiangazi kilichofuata kuiharibu. Mwishoni mwa karne ya 18 kasisi mmoja wa Labastida, Manuel Quintano, alijifunza njia za Bordeaux katika Ufaransa, akaanza kuikomaza divai ndani ya mapipa ya mbao. Jaribio lake lilikwama, wala si kwa ubaya wa divai. Kanuni za mahali zilitaka divai yote iuzwe kwa bei moja, na mtu aliyenunua mapipa na kungoja miaka hakuweza kurudisha gharama zake mbele ya jirani aliyeuza mwaka ule ule. Mapipa yakashindwa na bei.

Mambo yalibadilika katika karne ya 19. Luciano de Murrieta alianza kutengeneza divai kwa njia ya Bordeaux mnamo mwaka 1852, na nyumba ya Marqués de Riscal ikafuata katika miaka ile ile. Mwaka 1863 njia ya reli kutoka bandari ya Bilbao ilifika katika mji wa Haro. Kisha mdudu aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika, aliingia katika mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuiangamiza, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima kuja kutafuta divai Rioja. Walileta fedha, maarifa, na mahitaji makubwa. Karibu na stesheni ya Haro yakajengwa maghala mengi ya divai. Rafael López de Heredia aliianzisha nyumba yake hapo mwaka 1877, na nyumba hiyo ingali yafanya kazi kwa mtindo wa zamani, hata ina mafundi wake wa kutengeneza mapipa. Hivyo uzee wa divai ya Rioja ulizaliwa na reli, msiba wa jirani, na fedha iliyoweza kulala.

Desturi yenyewe ni hii. Zabibu, hasa aina ya tempranillo, ambayo jina lake latokana na neno la Kihispania lenye maana ya mapema kwa sababu huiva kabla ya nyingine, huvunwa mara moja kwa mwaka. Baada ya kuchachuka, divai hutiwa katika mapipa ya mwaloni, mengi yakiwa ya mwaloni wa Amerika, yenye ujazo wa lita 225. Kila baada ya miezi kadhaa huhamishwa kutoka pipa hata pipa ili kuacha mashapo chini, na katika nyumba zishikazo desturi huchujwa kwa ute wa mayai. Sheria ya leo yataka divai ya daraja la juu, iitwayo gran reserva, ikomazwe kwa muda usiopungua miaka 5, na angalau 2 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa. Nyumba nyingine huzidisha hata miaka 10. Mbao za pipa hupitisha hewa kidogo kidogo, na hewa hiyo ndiyo mwalimu wa divai.

Chupa ya divai kama hiyo ikifunguliwa katika baridi ya jioni ya Tunduma, mnywaji angeona kwanza kwamba wekundu wake si wa damu tena. Ukingoni mwa glasi umekuwa rangi ya tofali. Harufu haileti tunda bichi. Huleta matunda yaliyokaushwa, tumbaku, ngozi, vanila, na chini yake harufu ambayo mtu wa pwani angeitambua kabla ya Mhispania: harufu ya nazi. Hili si jambo la kuwaza tu, kwani mwaloni wa Amerika una mafuta ambayo hutoa harufu ya nazi hasa. Mdomoni divai changa ina ukakasi, ule ule wa bibo au wa ndizi mbichi, unaoukausha ulimi. Katika divai iliyokomaa vitu viletavyo ukakasi vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe na vingine vimezama chini kuwa mashapo, na kilichobaki ni laini. Uchachu hubaki, nao ndio uishikao divai isilegee. Anayeionja huhisi kwamba kitu kilichokuwa na ugomvi kimepatana.

Sasa tuvuke bahari. Mkoa wa Songwe ulitengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu yako Vwawa. Lakini nchi yenyewe ni ya zamani kuliko mipaka yake. Ni nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila, Wawanda na wengineo. Nchi ya mbuga za miombo, ya kimondo cha Mbozi, na ya mafundi waliofua majembe kwa chuma walichoyeyusha wenyewe. Kabla ya mahindi kutawala, ulezi ulikuwa nafaka kuu ya sehemu kubwa ya nyanda hizi. Matawi ya miti yalikatwa, yakarundikwa na kuchomwa moto, na mbegu za ulezi zikamwagwa juu ya majivu. Mmea huo haukuletwa na meli ya mtu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia hata Uganda, na kutoka huku ndiko ulikokwenda hata Bara Hindi.

Ulezi una sifa moja ambayo ndiyo kiini cha hoja hii. Punje yake ni ndogo na ngumu, na wadudu wa ghala huishindwa. Mahindi yasiyolindwa hutobolewa katika miezi michache. Ulezi uliokaushwa vizuri hukaa kihengeni zaidi ya miaka 10 na bado hufaa kwa chakula. Kwa watu waliojua njaa, kihenge cha ulezi kilikuwa benki. Mwenye ulezi wa miaka mitatu alikuwa tajiri wa namna ambayo haikuonekana barabarani, na utajiri huo aliweza kuugeuza kuwa kazi, ndoa, matambiko, au amani kati ya majirani, kwa kuupika pombe.

Upishi wake wahitaji elimu. Ulezi hulowekwa, hufunikwa hata uchipue, kisha huanikwa na kusagwa kuwa kimea. Punje inapochipua huamsha ndani yake nguvu ya kuugeuza wanga kuwa sukari, na katika kazi hiyo ulezi ni hodari miongoni mwa nafaka za nchi za joto. Mpikaji hutafuna kimea na kuusikiliza utamu wake; akikosea siku moja, kimea huwa kichanga au huota ukungu. Uji hupikwa, hupozwa, kimea hutiwa, na chachu hufanya kazi yake pamoja na vijidudu viletavyo uchachu. Katika nyanda hizi na ng'ambo ya mpaka iko pia namna ya heshima zaidi: machicha ya ulezi yaliyochachuka hutiwa chunguni, maji ya moto humiminwa juu yake, na kinywaji hunyonywa kwa mrija. Wanyakyusa huiita kimpumu, na Wabemba wa Zambia huiita katata. Audrey Richards, aliyeandika juu ya Wabemba katika mwaka 1939, alionyesha jinsi pombe ya ulezi ilivyofungamana na kazi ya shamba, ukarimu, na enzi ya watemi, hata haikuwezekana kuyaeleza mambo hayo pasipo kuitaja.

Mwonjaji mwema wa pombe ya ulezi hufuata njia ile ile ya mwonjaji wa Rioja, ingawa kwa mwendo wa kasi. Hutazama rangi, ambayo ni ya udongo mwekundu, na uzito wake. Hunusa kama harufu ya mkate na nafaka iliyokaangwa ipo, au kama imekwisha kugeuka siki. Huonja kama utamu wa kimea na uchachu vimelingana. Nguvu ya kileo ni ndogo, mara nyingi kiasi cha theluthi ya nguvu ya divai au pungufu, na kwa hiyo haiwezi kujilinda. Leo ni changa mno, kesho imefika, kesho kutwa imechacha. Siku ya kufika kwake ni moja, na anayeijua siku hiyo ni fundi.

Basi tofauti imekwisha kuonekana. Mtu wa Rioja huvuna mwaka huu, hutengeneza mwaka huu, kisha huiweka miaka ndani ya kinywaji. Mtu wa Songwe huiweka miaka ndani ya punje, na kinywaji hukitengeneza siku za mwisho. Wote wawili wamengoja. Pombe inywewayo leo Mbozi yaweza kutoka katika ulezi wenye umri mkubwa kuliko divai iliyo sokoni, ila hapana karatasi iliyobandikwa chunguni kuutangaza mwaka wa mavuno. Kusema kwamba kinywaji hiki hakina umri ni kutazama chungu na kusahau kihenge.

Jinsi vinywaji hivi vilivyopangwa, kimoja juu na kingine chini, ni jambo la historia, na mwaka mmoja unaweza kuwa alama yake. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano yaliyogawanya nchi kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Mstari ulifuata mto Songwe, kisha ukapitishwa ili njia iliyoitwa Stevenson Road, iliyokusudiwa kuyaunganisha maziwa hayo mawili, ibaki upande wa Waingereza. Wanyamwanga wakakatwa vipande viwili, na mahali palipokuwa vijiji vya ndugu pakawa Tunduma upande huu na Nakonde upande ule. Siku ya pili yake, tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mapatano ya Brussels juu ya biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na sura juu ya pombe kali: kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, vileo vilivyokenekwa vizuiwe mahali ambapo havijaenea, na vitozwe ushuru mahali vilipokwisha kufika. Mapatano ya Saint-Germain-en-Laye ya mwaka 1919 yalirudia shabaha hiyo.

Mapatano hayo yalikuwa na mantiki: yalipima hatari kwa nguvu ya kinywaji. Kwa kipimo hicho, pombe ya ulezi ilikuwa dhaifu kuliko divai. Lakini katika utawala uliofuata kipimo kilibadilishwa bila kutangazwa, na kinywaji kikapimwa kwa asili ya mnywaji. Vileo vya Ulaya vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika alizuiwa kwa sheria asinunue pombe kali hata miaka ya 1950; pombe za nyumbani ziliwekewa leseni, masaa, na vilabu vya kuuzia. Serikali ilizihesabu kuwa jambo la ulinzi na kodi. Jambo la ladha halikuwamo katika vitabu vyake.

Dini nayo ilikuwa na neno. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na baadaye wakafungua kituo cha Mbozi. Waskochi wa Livingstonia walikuwa na kituo Mwenzo, ng'ambo ya Tunduma. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya mpaka huu yaliwataka waumini waiache pombe. Haifai kuwacheka. Waliona ulevi, matusi, na watoto waliolala njaa wakati ulezi ulipopikwa wote. Na wanawake wengi wa nchi hii wangewaunga mkono hata leo. Hata hivyo katazo hilo lilikuwa na matokeo ambayo pengine hayakukusudiwa. Kinywaji cha zabibu kilikuwa kimetajwa katika Maandiko na kubarikiwa mezani, na kinywaji cha ulezi kilifungamanishwa na matambiko ya wahenga. Kimoja kikapata heshima kabla hakijaonjwa, na kingine kikaivuliwa heshima mbele ya watu walioionja ladha yake tangu utoto.

Juu ya hayo likaja soko. Kahawa ilienea Mbozi, mahindi yakachukua mashamba ya ulezi, na uchomaji wa miombo ukapungua kadiri watu walivyoongezeka na ardhi ilivyobana. C. Gregory Knight, aliyechunguza kilimo cha Wanyiha na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, aliyaeleza mabadiliko hayo yakiwa katikati ya safari. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Tunduma. Mji ukakua kwa malori na mizigo. Hapa ulinganisho na Haro wafundisha. Reli ya Haro ilipeleka nje kinywaji kilichotengenezwa kando yake, na kwa hiyo ilimlipa aliyengoja. Reli na barabara ya Tunduma zilipitisha bidhaa za wengine, na zilileta chupa zilizofungwa mbali. Pombe ya ulezi haikuweza kupanda gari moshi, kwani ingalichacha kabla ya kufika. Mwanamke aliyeipika alibaki na soko la umbali wa kutembea kwa miguu. Wengine waligeukia mahindi, yaliyo rahisi kupatikana, na wakapika pombe ya kuuza upesi. Ndipo watu wakasema kwamba pombe ya kienyeji haina ubora, wakisahau kwamba walikuwa wameonja kitu kingine.

Hali ya Quintano wa Labastida yafaa ikumbukwe hapa. Yeye alikuwa na ufundi, lakini bei ilikuwa moja kwa wote. Mpikaji wa Mbozi yumo katika kanuni hiyo hiyo isiyoandikwa: ulezi wa miaka minne, kimea kilichotafunwa na kuchaguliwa, na pombe iliyofika siku yake, vyote hulipwa kopo kwa kopo sawa na uji wa haraka wa jirani. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ni kweli, lakini mgema asiyesifiwa kamwe huacha mnazi, na kijiji hupoteza vyote viwili, mgema na tembo.

Tanzania ina mfano wake wa zabibu pia. Katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, na kilimo hicho kikaenea hata Dodoma ikawa nchi ya zabibu, yenye aina yake yenyewe iitwayo Makutupora. Huko hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu. Mkulima huukata matawi kwa wakati autakao, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Kwa mtu wa Rioja hilo ni ajabu. Nalo lathibitisha kwamba wakati wa kinywaji hauletwi na mmea peke yake: tabia ya nchi, ukataji, fedha na sheria vyote huugawa. Anayeiga uzee wa Hispania bila kuuliza masharti yake huenda akapata pipa na kukosa divai.

Lipo jambo la mwisho, nalo lawahusu wanafunzi wa lugha. Wahispania na Wafaransa wameandika maelfu ya kurasa juu ya kuonja, na kwa kuandika wamefanya ulimi wa mtu mmoja uweze kuaminiwa na mwingine aliye mbali. Kiswahili hakikosi zana hizo. Kina ukakasi, uchachu, ukali, uchungu, na utamu, na hakiyachanganyi. Kina kuiva, kupevuka, kukomaa, na kuvundika, na kila neno lina mpaka wake: tunda lililovundikwa limeivishwa kwa kufunikwa na kungojewa, na hilo latofautiana na tunda lililoivia mtini. Mtu akiitafsiri sifa ya divai ya kale kwa maneno haya hataona upungufu. Kinachokosekana ni maneno ya Kinyiha, Kinyamwanga, na Kindali kwa hatua za kimea, kwa namna za uchachu, na kwa ile siku moja ambayo pombe imefika, yakusanywe kutoka kwa wenyewe na kuandikwa.

Kazi hiyo haihitaji mtu awe mnywaji, wala haipingani na imani ya yeyote. Yahitaji mwanafunzi aende Mbozi au Momba wakati wa mavuno, aombe ruhusa kwa adabu, aketi karibu na mama anayeanika kimea, na aulize jina la kila kitu kabla hajauliza bei yake. Wajuzi wa kazi hiyo wengi ni wanawake wazee, na mashamba ya ulezi hayaongezeki. Ghala la Haro laweza kungoja miaka mingine 10, na divai yake itazidi kusifiwa. Elimu iliyomo katika ulimi wa mpikaji wa ulezi haiwekwi katika pipa.